Maharage Mia Tatu na Moja

Fundi wetu wa mfumo haamini kitu ambacho hajakihesabu. Kucha zake zina hina, na akifikiri huzigonga mezani kwa mpigo uleule, hadi sisi makarani wa ghala la asali tunatamani kumshika mkono. Asubuhi ile warina asali kutoka Usoke walikuwa wamesimama juani na ndoo zao, wakisubiri ukurasa wa mizinga, uliokuwa ukikokota, ufunguke kwenye kompyuta ili tupokee asali yao. "Dada, wakubwa wanataka kununua kompyuta kubwa zaidi," nikamwambia. "Kompyuta haina kosa," alijibu bila kugeuka. Akaenda jikoni kwa Mama Dafrosa, mpishi wetu, akarudi na bakuli la maharage. Kwa kila swali ambalo programu ilituma kwenye hifadhidata, aliweka punje moja mezani. Swali la kwanza liliomba orodha ya mizinga mia tatu. Kisha, kwa kila mzinga, likaja swali jingine: mwenyewe nani? Meza ikajaa. "Unaona? Inakwenda na kurudi mara mia tatu, na majina yote ya wenye mizinga yako kwenye jedwali la pili."

Maswali hayo hakuyaandika yeye. Zana yake ya kutengenezea programu huyaandika yenyewe, ndiyo maana huyasoma yote kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Akaiagiza iyaunganishe majedwali mawili kwa swali moja. Ikagoma. Akafuta, akaandika upya, kucha zikigonga. Mara ya tatu ukurasa ukafunguka kabla mtu wa mbele hajatua ndoo yake. Akaacha punje moja mezani. Nyingine akazikumba zote bakulini, akazipeleka jikoni. "Pika, mama. Haya hatuyahitaji tena."