Kompyuta Inasoma Wapi

Pale dukani hakuna aliyesema kasha. Wote walisema sipiyu. Mteja anaingia, anaonyesha lile boksi linalokaa chini ya meza ya kompyuta, anauliza sipiyu ile inatoka kwa kiasi gani. Fundi wetu alinionyesha siku moja sipiyu yenyewe, kidude bapa ukubwa wa biskuti, kimejificha huko ndani. Akaniambia lile boksi jina lake kasha, halina akili yoyote, ni bati na plastiki tu. Nikamuuliza mbona na yeye analiita sipiyu.

"Dada, ukisema kasha hapa Kariakoo watakuuliza la majani ya chai au la sigara."

Basi kazi yangu ilikuwa kuosha sipiyu. Zilikuja kwa kontena kutoka Ulaya, mitumba kama mashati, ofisi za huko zimezichoka. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinaingia na kila mtu anauza. Zilifika njano kama meno ya mvuta sigara. Nilizisugua kwa mswaki na dawa ya meno, stika nikazibandua kwa spiriti, mpaka zirudi rangi ya maziwa. Nilimaliza fomu foo, nikapata divisheni ya mwisho, nikapata mimba, kwa mpangilio huohuo, na hiyo ndiyo kazi iliyopatikana.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Alilala nyuma ya duka ndani ya katoni ya monita, juu ya sponji. Chumba changu kilikuwa Magomeni na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Bosi, Mhindi wa makamo aliyerithi duka hilo kwa baba yake likiwa bado la majora ya vitambaa, hakuwahi kusema mtoto aje wala asije. Alisema tu, "Dada, wateja wasimsikie."

Baba wa mtoto alikwenda Sauzi kutafuta maisha kabla tumbo halijaonekana. Maisha hajayapata, au ameyapata na amenyamaza. Aliyebaki ni mama yake, mwenye duka la jumla la sukari na unga mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilipojifungua alikuja Magomeni, akamfunua mtoto, akamtazama masikio, akasema, "Huyu ni wetu." Halafu akasema, "Akiacha ziwa tu, namchukua. Atakua Moshi. Hewa ipo, maziwa yapo, ndizi zipo." Mimi nimelala kwenye mkeka, nina nyuzi. Wanawake waliokuwa chumbani wakaniambia, "Mshukuru mama." Sikusema kitu.

Tangu siku ile nikawa nanyonyesha kama mlinzi wa geti. Asubuhi, mchana, akilia, asipolia. Alikuwa wangu kwa muda wote atakaonyonya, basi. Sikulia wala sikumwambia mtu. Nilisugua sipiyu.

Mchezo aliuanzisha fundi. Alisimama akatazama makasha niliyoyapanga ukutani, akasema, "Hawa Wazungu hawana wivu? Yote sawasawa kama nyumba za kota. Hebu fikiria yangetengenezwa na kiwanda cha khanga."

Nikamwambia bila kuinua kichwa, "Yangeuzwa doti. Unanunua mawili yameshikana, unakata katikati, unapinda, moja unampa shoga yako. Na mbele yangeandikwa jina: UMENIWASHA MWENYEWE, USILALAMIKE JOTO."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Mimi sikucheka. Haikuwa huzuni. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa na kuuona ni wako, lakini hauna habari na wewe. Maneno yalitoka yenyewe na yalikuwa makali, na watu wakadhani nimechangamka.

Tangu hapo kila siku tuliwapa kazi watu wengine. Wa magodoro wangelivika kasha nailoni, na nailoni isingetolewa mpaka wajukuu waoe. Wa malapa wangetengeneza kasha linalokatika palepale pa jana, unalipigilia msumari kwa chini, unaendelea na safari. Wa majeneza, alisema fundi, wangeweka vishikio vinne na satini ya zambarau, na kidirisha cha kumwangalia marehemu. "Faida yake kompyuta ikifa huhangaiki. Unafunika tu."

Hata bosi aliingia. Alikuwa anakula, kopo lake la ngazi mbele yake, wali juu, dengu katikati, chapati chini, klipu pembeni.

"Nyie hamjui kitu," alisema, akaligonga kopo kwa kijiko. "Mngempa anayetengeneza hili. Kila kitu na ghorofa yake. Cha kati kimeharibika, fungua klipu, toa cha kati. Nani anataka bisibisi?"

"Sasa bosi, mimi nitakula nini?" fundi aliuliza.

"Dengu."

Siku nyingine fundi akanigeukia, nina mtoto kifuani. "Haya, mama mtoto. Na wodi ya wazazi je, wangetengenezaje?"

Nikamwambia. Wangekupa kasha tupu, vya ndani uje navyo mwenyewe: glavu, wembe, uzi, nailoni ya kutandika. Sipiyu mbili zingelazwa kasha moja, mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Na ikipiga kelele ingeulizwa, ulipokuwa unawashwa ulipiga kelele?

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi alisema, "Pole, dada." Sikutaka pole yake. Nilikuwa nimejibu swali.

Kontena lililofuata lilikuja limepangwa ovyo. Makasha ya chini yalikuwa yamepondeka kama makopo, lakini vya ndani, fundi alivipima kimoja kimoja, vingi vizima. Bosi alizunguka katikati ya ule uharibifu mikono nyuma. Kasha tupu halikuuzwa popote Bongo, na kuliagiza nje ni kuagiza hewa.

"Wape mafundi wa matranka," nilisema. Ulikuwa mchezo uleule. Yeyote aliyelala bweni anaijua tranka, sanduku la bati lenye maua, sukari chini, daftari juu. Yangu ilikuwa ya bluu.

Fundi akaanza kucheka. Bosi hakucheka. Alisema, "Chukua moja lililopondeka la mfano. Nenda Gerezani, kwa wapiga bati."

Nikajitwisha kasha kichwani, mtoto mgongoni, nikaenda. Pale Gerezani wanaume wamekaa safu nzima, kila mmoja na chuma chake na nyundo yake, wanapiga bati tangu asubuhi, na husikii hata unalolisema mwenyewe. Niliyemfuata alikuwa baba mmoja mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Akaligeuza kasha juu chini.

"Anaingia fomu wani?"

"Si la mwanafunzi, baba. La kompyuta."

"Ehe. Inasoma wapi?"

Nyundo za jirani zilisimama ili wenyewe wacheke. Mmoja akadakia, "Bweni au kutwa?"

"Bweni," nikasema. "Haitoki chini ya meza."

Tangu hapo walinipenda. Lakini yule baba hakuweza kabisa kutengeneza kitu bila komeo. Nikamwambia kompyuta haina komeo. Akasema, "Bila komeo si tranka, binti, ni ndoo." Maua pia alisema lazima. Nilipotaka matundu ya kupitisha hewa akakataa, panya wataingia. Tukabishana kwa kupayuka, nyundo zikilia, mpaka tukakubaliana matundu yatoboke kwa umbo la ua, ubavuni. Kwenye mlango wa kasha akataka kuandika jina la mwenyewe na shule, maana hajawahi kutoa sanduku bila jina. Aliandika KOMPYUTA kwa rangi nyeupe, na chini yake akaacha nafasi ya shule.

Bosi alitaka nikae palepale kusimamia vipimo visihame. Nilishinda Gerezani siku kadhaa, mtoto mgongoni au mapajani. Mwanzo kila nyundo ikigonga aliruka mwili mzima, akalia mpaka sauti ikakauka. Baadaye akaacha kuruka. Alitulia tu, macho wazi. Nikadhani amezoea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea mambo mengi kwa namna hiyohiyo.

Halafu akakataa ziwa. Nilikuwa nimerudi dukani, nikamweka kifuani kama kawaida, akageuza uso. Nikamrudisha, akajikunja kama upinde, akalia. Jioni vilevile, na kesho yake. Maziwa yalikuwepo, nikikamua yanatoka. Jirani yangu wa Magomeni alisema maziwa yameshtuka kwa nyundo, mwingine akasema amesusa, mwingine nimuogeshe kwa majani. Mtoto mwenyewe alikunywa uji kwa kikombe kama mtu mzima, akafuta mdomo kwa mkono. Matiti yakawa mawe, joto likanipanda, gauni likalowa mbele. Watu watasema ni mimi niliyempeleka kwenye nyundo. Waseme. Kati ya wanaosema hakuna aliyewahi kunipokea mtoto hata nusu saa.

Kasha lilikuja dukani. Fundi alikata vipande vya malapa ya zamani akaviweka ndani ili vyuma visigusane na bati, akafunga kila kitu, akawasha. Feni ilipozunguka bati lote liliimba. Akaongeza malapa, likanyamaza. Mwalimu mkuu mmoja aliyekuja kuulizia bei akaona komeo akaganda. Shuleni kwake walikuwa wanaiba vya ndani na kuacha boksi limesimama, mtu anakuja kugundua wiki ijayo. "Hii naweka kufuli?" aliuliza. Bosi akasema kufuli mbili ukitaka. Akageuka kwangu, uso wote unacheka. "Dada, akili hii ulikuwa umeificha wapi?"

Nilikuwa nimekunja mikono kifuani ili maziwa yasionekane. Nikasema asante bosi.

Mama yake baba mtoto alikuja mchana, duka lina watu, bosi na fundi na wateja wawili. Mkononi ana mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Nikamtoa kwenye katoni.

"Nasikia ameacha."

"Nani kasema?"

"Mwanangu, sukari ya Kariakoo hii ikitaka kupanda mimi naijua haijapanda. Mnyonyeshe nione."

Nilikaa kwenye stuli nikafungua gauni. Fundi aligeukia ukuta. Bosi alipata kazi ya ghafla kwenye kikokotoo. Mteja mmoja aliendelea kutazama, mshenzi. Mtoto aliliangalia ziwa kama mtu anayekutana na mtu aliyewahi kumfahamu, halafu akaangalia pembeni, kwenye mfuko wa bibi yake.

"Basi," mama alisema. Hakusema kwa ukali. Alinichukulia mtoto mapajani taratibu, akatoa kwenye mfuko sweta ya sufu, nyekundu, amefuma mwenyewe. Akaanza kumvisha. "Moshi sasa hivi baridi. Tulikubaliana."

"Nani alikubaliana?"

"Si ulikuwepo? Nilisema, hukusema kitu. Kwetu mtu akinyamaza amekubali."

"Kwetu mtu akinyamaza amechoka."

Aliinua macho.

"Nilikuwa na nyuzi, mama," nilisema. Sauti yangu ilitoka kavu, kama ninataja bei. "Nimelala kwenye mkeka nina nyuzi. Siku ile ungesema unachukua na mkeka ningenyamaza. Wewe ndiye uliyesema akiacha ziwa. Mimi sijasema. Nasema leo. Haendi."

"Utamlisha nini?"

"Uji. Anakunywa."

"Na atalala humo kwenye katoni?"

"Atalala kwenye katoni."

Alisimama na mtoto mkononi, sweta imekwishaingia. Nikaenda mlangoni nikasimama. Sikuwa nimefikiria, miguu ilikwenda yenyewe. Kifua kilikuwa bado wazi upande mmoja, sikukumbuka kufunga.

"Toka mlangoni, binti."

"Nipe kwanza."

"Mwanangu angekuwepo usingenijibu hivi."

"Hayupo."

Hilo lilimpata. Nililiona linaingia, maana mdomo ulimcheza, na nikajua na yeye hapati simu kutoka Sauzi. Sikumhurumia. Alinisogezea mtoto, akanifunga kifungo cha gauni kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Nitaleta wazee."

"Waje."

Walikuja kweli, watatu, na makoti, wakaketi chumbani kwangu wakanywa soda. Nikawaambia maneno yaleyale kwa sauti ileile, wakatazamana, wakaondoka. Ndio hivyo. Mtoto sasa anakwenda chekechea, na Moshi anakwenda likizo, anarudi.

Lakini siku ile bado sikujua kama watakuja au watarudi vipi. Mama alitoka, duka likaanza kuongea tena, bosi akaita mteja. Nilirudi nyuma ya duka nikakaa sakafuni na mtoto wangu, nikasubiri nifurahi. Sikufurahi. Hakuna kilichokuja. Mtoto alikuwa amekaa kimya ndani ya ile sweta, kwenye joto lile, amekuwa mwekundu kama yenyewe. Nikamvua. Shingo yote imelowa jasho. Nikampulizia, akafumba macho, nikampulizia tena.