Sakafu ya Mawe Ndani ya Kosta

Mwanangu, ipo siku moja ambayo ilikuwa ikinijia kila nilipoegesha gari mahali nisipojulikana: siku niliyompelekea baba yangu, Tata, nyumba yangu kule Muleba, nikitaka aingie tuondoke wote. Najua miaka arobaini na ushee si uzee, na wapo watakaocheka wakisikia nami natoa nasaha. Lakini barabara humzeesha mtu upande mmoja, kama jua linavyouchoma mkono wa dereva ulio dirishani. Kaa basi, nikusimulie.

Nilikuwa kijana nisiyetulia. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda lori la kwanza lililonikubali, nikawa utingo, baadaye dereva. Nililala Kahama, nikalala Singida, nikalala Tunduma. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi niliikata kila nilipofungwa. Mama alipofariki, Tata alibaki peke yake kibanjani, shambani kwetu, na migomba yake na kahawa yake, na moyo wangu ukashikwa na jambo moja tu, kumchukua tutembee pamoja. Nikapata Kosta kuukuu iliyochoka kubeba abiria. Nikang'oa viti, nikaweka vitanda viwili, jiko la gesi na tangi la maji. Nyumba ya kutembea.

Nilipokwenda kumweleza, alikuwa akipunguza majani ya migomba. Hakugeuka hata kunitazama.

"Nyumba yenye matairi?" akasema. "Waitu, hiyo ni sufuria yenye usukani. Mtu akikanyaga, bati lote linatetema kama lina homa."

"Nitaweka kapeti, Tata."

"Kapeti ni nguo tu. Mguu wangu umezoea jiwe. Weka jiwe, nitaingia."

Akacheka. Nami nikakichukua kicheko kile nikakifanya ahadi.

Ujue, mwanangu, sakafu ya nyumba yetu aliitandaza yeye mwenyewe ujanani mwake, kwa mawe bapa kutoka kwenye majabali ya kwetu. Na kila mgeni wa heshima alipotarajiwa, Mama alikata nyasi mbichi akazitandika juu ya mawe yale, kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Ulivua viatu, ukakanyaga ubaridi wa jiwe na ulaini wa nyasi kwa pamoja. Mpaka leo nikipita mahali walipofyeka kando ya lami, nashusha kioo na kupunguza mwendo, ninuse zile nyasi.

Basi nikarudi Bukoba mjini, kwa fundi mmoja wa marumaru aliyekaa Kitendaguro, aitwaye Deo. Alizunguka Kosta yangu, akapiga magoti, akachungulia chini.

"Hili lilizaliwa kubeba watu," akasema, "na watu hushuka kituoni. Jiwe ni abiria asiyeshuka. Atazila springi zako kabla hujafika Biharamulo."

"Tata anataka jiwe."

"Basi na tumpe. Lakini jembamba."

Mara ya kwanza tulimwaga zege jembamba juu ya bati, kama tunavyofanya chumbani. Tukaenda mpaka Kagondo kulijaribu. Tuliporudi, zege limepasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa ardhini husimama tuli. Gari hupinda na kujinyoosha kila linapokanyaga shimo, na saruji haijui kupinda. Tukabandua yote. Safari hii Deo alifunga mbao za plaiwudi kwa skrubu, akapaka gundi inayovutika kidogo ikikauka, na mawe tukayakata kwa grainda mpaka yakawa membamba kama marumaru. Kati ya jiwe na jiwe hatukuweka saruji, tulijaza silikoni inayonyumbulika kama mpira, ili kila jiwe lipate pa kupumulia. Tukayaweka kwenye ujia tu, kuanzia mlangoni mpaka kitandani kwa Tata. Kwingine tukaacha mbao. Tulizunguka tena mji, tukashuka na kupanda vilima. Hakuna lililopasuka. Nilipiga kelele barabarani kama mwenda wazimu.

Asubuhi ya kwenda Muleba, Deo alisema hawezi kukosa kuiona sura ya mzee, naye akapanda. Njia nzima nilikuwa naona mbele yangu mimi na Tata tumeketi kando ya barabara ya Dodoma, nikimkaangia mayai, yeye akilalamika kwamba ndizi za kule hazina ladha.

Tulipofika, jirani yetu Mama Koku ndiye aliyetangulia. "Konda!" akaniita. "Basi umeleta, abiria wako wapi?" Tata akaja taratibu, akavua ndala zake, akasimama mlangoni. Akachungulia ndani. Hakuingia.

"Karibu, Tata. Jiwe hilo hapo."

Mama Koku akashika mdomo. "Mtoto wa watu! Unamkaribisha baba yako kwenye sakafu tupu?"

Mwanangu, nilitamani nipotee. Nyumba yangu ilikuwa na bomba la maji na taa, na nilikuwa nimesahau nyasi. Niliazima panga, nikakimbilia mwisho wa kibanja, nikarudi na mzigo kifuani. Deo alinitazama nikitandika, uso umemkunjamana.

"Nimeyang'arisha mawe yale mpaka najiona, wewe unayafunika kama anakuja mbuzi?"

"Anakuja baba yangu," nikasema.

Ndipo Tata akapanda. Akaingia pekupeku, akasogeza nyasi kwa kidole cha mguu mpaka akaligusa jiwe, akakanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu zaidi. Akaketi. Nikampa kahawa ya kutafuna, akaipokea kwa mikono miwili, kama mgeni. "Endesha," akasema.

Deo alibaki kwa Mama Koku akinywa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Sisi tukapanda mpaka juu ya kilima, pale ziwa linapojifunua lote na kisiwa cha Bumbire kinaonekana. Tata akagonga ubavu wa gari kwa kiganja. Nikasimama.

"Ujana wangu uko pale," akasema, akikionyesha kisiwa. "Nilivua dagaa, nikaota sitarudi kamwe. Unadhani kiu yako siijui? Mimi ndiye niliyekupa. Lakini kila nilipochoka nilijua mama yako yupo, chungu kiko jikoni. Kazi uliyofanya ni nzuri, mwanangu. Jiwe halitetemi. Ila ukinibeba mimi, siku utakapochoka utarudi kwa nani? Anayetembea anahitaji anayekaa. Nirudishe nyumbani."

"Ulisema ukiwekewa jiwe utaingia."

"Si nimeingia?"

Nililia. Akanifuta machozi kwa kiganja kilichonuka majani ya migomba, kisha akaniambia nichunge kona, gari limekuwa zito.

Nilikwenda peke yangu. Lakini tangu hapo kila msimu wa senene nilirudi, nikipiga honi tangu kwenye kona ya kanisa, na nilipofika nilikuta ndizi zimeshapikwa. Wengine wanasema nyumbani ni paa na kuta. Mimi nasema nyumbani ni yule anayeinua kichwa asikiapo honi yako. Tata alifariki nikiwa Tunduma. Tulimlaza kibanjani, kando ya Mama. Mara ya kwanza kurudi baada ya hapo, mkono ulipiga honi wenyewe, na migomba tu ndiyo iliyotikisika.

Nasaha yangu ni hii. Safiri, mwenye kiu asizuiwe kunywa. Ila usijidanganye kwamba utawabeba uwapendao ndani ya safari yako, wala usiwadharau kwa kuwa wamekaa. Kukaa kwao ni kazi, wanaifanya kwa ajili yako. Rudi mara nyingi, urudi ungali na wa kukupokea, kwa maana mwacha asili ni mtumwa, na asiye na wa kumrudia hutanga tu. Mimi mwaka huu nimeegesha. Miguu inaniwasha, usiku nasikia malori yakipanda kilima na roho inayafuata, lakini natia mbolea kwenye migomba, kwa sababu sasa anayeondoka ni wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe njia kavu na watu wema wa kukuelekeza ukipotea. Akulinde na kona mbaya na haraka ya ujana. Na siku utakapochoka, iwe mchana au usiku, piga honi. Nitasikia.