Ndoana Iliyopotea Sebuleni

Siku yangu ya kwanza kazini ndoana ilinitoa damu kidoleni kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa karakana moja nje ya Nairobi, wanawake peke yetu tumeinamia meza, tukitengeneza nzi wa kuvulia samaki. Chekeni tu, vijana, lakini nzi hao ni chambo: unabana ndoana kwenye jiliwa, kile chuma cha kushikilia kazi, unaizungushia uzi, unafunga unyoya wa shingo ya jogoo, unapaka vanishi kichwani, na samaki akiona hudhani ni mdudu. Msimamizi wetu, mama asiyependa mchezo, alimvuta nzi wangu wa kwanza, naye nzi akafumuka mkononi mwake.

"Huyu hata samaki kipofu atamkataa," akasema. "Rudia."

Nilirudia miaka na miaka, hadi nikaitwa fundi.

Nilipohamia London kwa binti yangu Njeri, ambaye ni nesi, jiliwa langu lilikuja kwenye sanduku la nguo. Meneja wa duka moja la vifaa vya uvuvi alinipa kazi ya kufanyia nyumbani wakati wa baridi, wavuvi wanapopumzika na duka likijiandaa kwa masika. "Kazi yako safi," aliniambia, "lakini nataka wadogo zaidi." Wadogo maana yake ndoana isiyozidi punje ya mchele. Nami nilikuwa nafanyia sebuleni kwa Njeri, mtaa wa Stratford, juu ya zulia, na mjukuu wangu Wanja ameanza kutambaa. Alichokiona alikitia mdomoni. Kila jioni nilipitisha sumaku juu ya zulia, na bado nilikuwa naogopa.

Alasiri moja, giza la mapema la baridi ya huko limeshaingia, Wanja alikohoa nyuma yangu. Niliruka nikambeba. Alikuwa mzima, lakini nilipotazama mezani, nzi niliyemmaliza muda huo huo hakuwepo. Nikapitisha sumaku zuliani. Pini moja, basi. Nikamfungua mtoto mdomo kwa kidole: ufizi na mate tu. Je, kama ameshameza? Nikambana kifuani, nikaapa kwamba hatagusa sakafu mpaka ndoana ionekane, nikawa nazunguka chumba naomba Mungu.

Njeri akaingia kutoka kazini.

"Ndoana imepotea!" nikamwambia. "Lakini mtoto sijamweka chini hata kidogo."

Njeri akanitazama, akaganda. "Mum, don't move. Usimgeuze, tafadhali."

Akapenyeza kiganja chake taratibu kati ya shavu la mtoto na sweta yangu, akamtoa. Nzi alikuwa amedungwa kwenye sufu ya sweta, usawa wa jicho la Wanja. Kule karakana, mikono ikihitajika ghafla, fundi humdunga nzi kwenye aproni, kifuani. Mkono wangu ulikuwa umefanya hivyo bila kuniambia. Mazoea yana taabu. Nikakaa chini nikalia.

Kesho yake nilimpigia meneja simu kwamba naacha kazi.

"Macho yako bado mazuri," akanibembeleza.

"Si macho ninayoyaogopa," nikamjibu. "Ni mikono."

Wenzangu waliostaafu husikitika kwamba mikono yao inasahau kazi. Mimi naomba yangu isahau, na bado haijasahau. Wanja sasa yuko shule. Akirudi hunikimbilia, nami humzuia kwanza kwa kiganja huku nikijipapasa sweta.

"Shosho, what are you looking for?" huniuliza.

"Hakuna kitu, mama," namwambia, halafu napapasa tena.