Nilichota Maji Juu, Nikasema Nimechota Chini

Kosa ni langu, na hasira yote hii ni juu yangu mwenyewe. Mimi niliyeanza kwa kubeba mizigo ya Wazungu mlimani, nikapata kihamba, shamba la nyumbani, chenye kahawa nyingi kuliko vya hao waliosoma, nilikuwa nasema hakuna tena kitu duniani cha kunishangaza. Mjinga mkubwa!

Nilinunua mjini Moshi dawa ya kuua wadudu wa kahawa. Nilipomaliza kunyunyiza, nilisuuza pipa kwenye mfongo, mfereji wetu unaoshuka toka mlimani kwenda migombani. Nani angenikataza?

Chini yangu anakaa shemeji, mjane wa kaka yangu. Nilikuwa nimemwekea ng'ombe wangu nyumbani kwake, kama ilivyo desturi yetu: yeye anamlisha ndani, maziwa wanakunywa wanawe.

Alinijia na kibuyu. Alikuwa ametia visamaki vya mtoni katika maji ya mfongo, vikafa kabla hajamaliza kukata majani ya ng'ombe. Aliniomba nisisuuze tena pale. Yeye sasa anapanda mpaka chemchemi kuteka maji.

Nilimwambia vimekufa kwa jua. Kesho yake niliita majirani, nikawaonyesha ndoo yangu, visamaki vinacheza humo mpaka jioni. Nikaapa maji nimeyachota mbele ya nyumba ya shemeji. Uongo! Niliyachota juu, kabla ya pale ninaposuuzia. Na nilijua kwa nini nachota juu.

Watu walimcheka. Mmoja alimwuliza atatuuzia lini samaki. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kwa aibu akaacha kwenda chemchemi, akarudi kuteka mfongoni. Nami juma lile lile nikasuuza pipa tena.

Asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu, hata salamu hakunipa.

"Shemeji, wale samaki wako hawakufa," alisema. "Aliyekufa ni ng'ombe wako."

Mbele ya wazee wanaosimamia mfongo nikasema mwenyewe nilikochota.

Wewe mwenye kahawa na pipa, suuza mbali na maji ya watu! Na mtu akikuletea samaki aliyekufa, funga mdomo umsikilize.

Dawa ilikuwa shilingi kumi na mbili. Ng'ombe aliyekufa, ng'ombe niliyemnunulia shemeji awe wake kabisa, mbuzi na mbege, pombe ya ndizi, ya wazee: yote shilingi mia tatu na arobaini, na senti hamsini.