Ndoo Moja ya Maji kwenye Ekseli

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Kasense, maana wao wanaongeza chumvi: ni kweli nilimbeba mama mkwe mikononi mbele ya kanisa, na wakati huo alikuwa hata hajawa mkwe wangu.

Nimetangatanga sana, Mbeya, Tunduma, Kigoma, mpaka nilipovuka arobaini nikaanza kuota baridi ya Ufipa na ugali wa ulezi, nikarudi Sumbawanga, nikampenda Editha, binti wa Kasense. Baba yake akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miguu yako haitulii wewe. Nisombee mahindi yangu yote, yakifika salama tutaongea mahari." Nikakubali, ila ekseli ya mkokoteni wake wa ng'ombe, kile chuma kinachoshika magurudumu, ilikuwa imekatika, nikaipeleka mtaa wa Chanji kwa dada Modesta, fundi wa kuchomelea.

Akaiunga vizuri, kisha akaifukia kwenye majivu ya moto. "Iache ipoe taratibu mpaka kesho, halafu nitaigongagonga kwa nyundo."

"Dada, si imeshashika? Majivu ya nini tena?"

"Kaka, chuma kikipoa ghafla kinabaki kinavutana chenyewe kwa ndani, na kwa macho huoni kitu. Ukikitikisa kila siku, ufa unaanzia hapo. Nikikigonga, ngozi yake inabanwa, ufa unakosa pa kuanzia."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa (fizikia ilinishinda sekondari, lakini babu zetu Wafipa walifua chuma, kwa hiyo nikajiona haya mambo ninayo kwenye damu). Alipoingia ndani kula nikaichomoa kwa koleo, nikaimwagia ndoo nzima ya maji, ikalia chwaaa, nikaondoka nayo.

Wiki tatu nikasomba, barabara ile ile, mashimo yale yale, magunia kumi kila safari, na ekseli wala haikulalamika, nikawa namcheka Modesta kimoyomoyo. Ikabaki safari moja, Jumapili, ya kupeleka magunia ya shukrani ya mavuno kanisani, na yalikuwa sita tu, ndiyo maana mama yake Editha akasema naye apande juu na vitenge vyake vipya.

Tulipofika langoni, watu wamejaa nje wakisubiri Misa, gurudumu likaingia kwenye kamfereji kadogo, nikasikia tak. Mkokoteni ukalala upande, magunia yakateremka, mama akateremka nayo, na mimi ambaye kwa desturi ya ukweni hata mkono simpi, namwamkia kwa mbali nikitazama chini, nikafungua mikono nikamdaka. Kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitika, bado nimembeba. "Nishushe."

Kwaya nzima iliangua kicheko, na humo alikuwemo Modesta. Akaja, akainama na sare yake, akachungulia chuma. "Haijakatika penye kiungo, imekatika pembeni yake. Hapa penye kutu ufa ni wa siku nyingi, hapa panapong'aa ndipo pamemalizikia leo." Akaniangalia. "Kaka, ulimwaga maji."

"Nilimwaga," nikasema, maana pa kukimbilia palikuwa hakuna.

Baba mdogo wa Editha akadakia, "Makubaliano yalikuwa yafike salama. Hayajafika. Huyu aende zake." Editha akatazama pembeni, nami nikajua nimempoteza kwa ndoo moja.

Baba yake akakohoa. "Aende wapi? Mke wangu amebebwa na mwanaume mbele ya parokia nzima. Akiwa mkwe, ni ajali. Akiwa mgeni tu, mimi nitawaambia nini watu?"

Mahari tukaongea wiki ile ile, na juu yake nikatozwa mbuzi wa faini ya kumshika mama. Kwa hiyo siwezi kusema nilipata hasara, ila siku hizi nikiona chuma chekundu natafuta kigoda, nakaa, na ndoo naisogeza mbali kabisa na mkono wangu.