Beti za Mama Calvin

Ukitaka kumjua Joyce Munisi, ambaye mtaani kwao Lemara wanamwita Mama Calvin, anza na karanga za mayai alizouza miaka tisa. Yai kidogo, unga kidogo, tikisa. Yai kidogo, unga kidogo, tikisa. Mwenye haraka akimwaga vyote kwa mpigo anaambulia bonge, na Mama Calvin hana huruma na watu wa namna hiyo.

Mkono huo ndio uliompa kazi kwenye kiwanda kidogo cha rangi kule Themi. Humo, ndani ya pipa la moto, zinapikwa punje ndogo kuliko vumbi: kiini kigumu cha kuipa rangi nguvu, ganda laini la kuishikisha ukutani. Dawa ya ganda hudondoshwa polepole. Ikija kwa wingi, au pipa likizidi moto, inazama ndani ya kiini, ganda linakosekana, na rangi ikikauka inapasuka. Mama Calvin hakuiamini saa. Alidondosha kwa wimbo wa kanisani: ubeti mmoja, kikombe kimoja.

Akaja injinia mpya, Brian, na pampu yake ya kudondosha dawa. Mkurugenzi hakuzungusha maneno: kila mmoja apike pipa moja, na mama akiharibu, arudi kwenye karanga.

"Shikamoo mama. Usinichukie," alisema Brian.

"Marahaba. Sikuchukii, mwanangu. Nakuonea huruma tu."

Jumatatu aliimba kwa raha zake. Jumanne rangi yake ilikuwa na nyufa kila mahali. Alilia mbele za watu, bila aibu, mpaka akakumbuka: Ebenezer, mwalimu wa kwaya yao kanisani, alikuwa ameuongezea wimbo ule kasi kwa ajili ya mashindano! Mdomo ulishazoea mwendo mpya, na mkono ukaufuata.

Rangi ya Brian nayo ilipasuka, maana pampu aliipangia mwendo wa kubahatisha. Akaja na simu mkononi, mpole kabisa.

"Mama, niimbie ule mwendo wa zamani nirekodi, niipangie pampu."

Mama Calvin alifuta machozi. Akaimba ubeti wa kwanza, taratibu kama msibani, kisha wa pili. Halafu akanyamaza.

"Mbona umeishia hapo?"

"Ganda likishaanza kunenepa, mwendo unabadilika. Zimebaki beti sita." Akavuta kiti chake karibu na pipa, akakaa. "Hizo hazirekodiwi. Nitaziimba mwenyewe, hapa hapa, kila siku ya kupika."