Tundu la Kwanza

Yusta Kasiani, ambaye kwenye kituo chetu cha askari wa wanyamapori tunamwita Mama Loveth, ana miaka hamsini na mbili, na kwa miaka kumi na tisa hakuna bunduki iliyotoka ghalani Mikumi bila kupita mikononi mwake. Baba yake alikuwa fundi saa mjini Kilosa. Nadhani ndiko alikorithi tabia ya kuinamia kitu kidogo mpaka mwenye haraka atamani kulia. Safari hii mwenye haraka nilikuwa mimi.

Jumapili mamba alimchukua Magreti, mke wa mzee Petro, kwenye kivuko cha mto Mkondoa kule Kidete. Pampu ya kijiji imekufa tangu mwezi uliopita, kwa hiyo kesho yake wanawake walirudi mtoni pale pale, hawa wakirusha mawe majini, wale wakijaza ndoo. Asubuhi mamba huyo hutoka kuota jua kwenye kisiwa cha mchanga, mita mia mbili kutoka mahali pa karibu zaidi unapoweza kulala na bunduki bila kuonekana. Ubongo wake ni mdogo kama kidole gumba. Ukimkosa anazama, na hatoki tena kwa majuma. Risasi ni moja, na mpigaji ni mimi, Doto.

Jumanne tulikwenda kwenye shimo la kokoto kujaribu darubini ya bunduki. Juu yake kuna kigurudumu cha kupandisha na kushusha shabaha. Ukikizungusha kinalia ti, ti, na kila mlio una kipimo chake. Kwa mita mia mbili tunapandisha milio kumi. Mama Loveth haamini namba zilizochorwa pale. Kila mlio anahamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.

Nilipandisha kumi, nikapiga risasi tatu kwenye karatasi ya shabaha. Ya kwanza ilikaa chini ya alama kwa upana wa kiganja. Mbili zilizofuata ziliingia katikati, zikagusana. Nikachukua utepe wa gundi nikaziba tundu la kwanza, kama tulivyofundishwa na waliotutangulia, kwamba risasi ya kwanza ni ya kufukuza mafuta kwenye mtutu na haihesabiwi.

Mama Loveth aliubandua ule utepe kwa ukucha. Akaniambia nishushe kumi, nipandishe tena kumi, nipige upya. Nilimuuliza anataka nini zaidi ya matundu mawili yanayogusana. Nilimwambia pia, kwa sauti nisiyojivunia, kwamba yeye hajawahi kulala tumbo chini mbele ya mamba. Alikuwa anahesabu punje zake.

Nikapiga. Ya kwanza chini, kiganja kile kile. Mbili katikati.

"Mtutu una moto, Doto," alisema. "Mafuta gani yamebaki humo?"

Akashusha kumi, akapandisha kumi, halafu akaigonga darubini kwa mpini wa bisibisi, akanipa nipige moja tu. Ikaingia katikati. Hapo hata mimi mwenye kichwa kigumu nilielewa. Kigurudumu kilikuwa kinalia, lakini kipande cha ndani kilishuka vizuri na kikipandishwa kilikwama mpaka kitikiswe, na kilichokuwa kinakitikisa ni risasi ya kwanza.

Mwezi Machi nilimlenga mamba huyu huyu, kisiwa kile kile. Nilipandisha kumi papo hapo, risasi ikagonga mchanga chini ya taya, nikasema mkono uliteleza kwa jasho, watu wakanifariji kuwa Mungu hakupenda. Siku moja kabla, Mama Loveth alikuwa amesaini fomu baada ya mimi kumpelekea karatasi yenye matundu mawili. La kwanza nilikuwa nimeliziba.

Darubini nyingine ingefika Ijumaa, na wanawake wasingeacha maji mpaka Ijumaa. Mama Loveth akaiacha ile kwenye kumi, akanipigisha mbili za kuhakikisha, akakifunga kigurudumu kwa utepe wa gundi ili asikiguse mtu. Mpaka Kidete aliipakata bunduki kwenye gari, na kila shimo la barabara lilimfanya afumbe macho.

Jumatano jua lilipopanda mamba akatoka. Nyuma yangu watu walisimama na ndoo tupu, mzee Petro akiwa mbele yao. Niliogopa, sitaficha. Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabana kidole. Mkia ulipiga mchanga mara moja, ukatulia.

Mzee Petro alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe inawezekana kwa risasi moja," alisema.

Nikamjibu kwamba tumshukuru Mungu. Ningeyaachia hapo, na mpaka leo watu wangekuwa wananisifu. Lakini Mama Loveth alimsogelea, akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba.

"Mzee, Machi tulimkosa kwa sababu darubini hii ilikuwa mbovu," alisema. "Mimi ndiye niliyesaini kwamba ni nzima."

Habari ya karatasi hakuitaja. Alikuwa ananikinga, mimi niliyemfokea jana yake. Mzee Petro aliuachia mkono wangu taratibu.

"Alisaini kwa karatasi yangu," nilisema. "Tundu la kwanza nililiziba mimi."

Mzee hakujua nazungumzia tundu gani. Nikakaa chini kwenye mchanga, naye akakaa, nikaanza kumweleza.